Mipaini yangu ya Nyakato inakauka ncha upande wa barabara tu. Ni moshi au kuna jingine?

#1 Fundi Kenchi
Habari za jioni wakuu. Mwaka 2011 nilipanda mipaini 14 mpakani mwa kiwanja changu huku Nyakato, Mwanza, kwa hesabu za kifundi: ikitimiza miaka 20 napasua mbao zangu mwenyewe. Saba iko mbele, barabarani. Saba iko nyuma, kwenye mawe. Miche ilitoka kitalu kimoja, nikaipanda siku moja.

Tangu kiangazi cha mwaka jana ile ya mbele sindano zake zinaanza njano nchani, zinakwenda kahawia, zinadondoka. Ya nyuma haina habari. Mbele kuna malori, bodaboda, tanuru la matofali linalochomwa kwa pumba za mpunga, na jirani anayewasha jalala lake kila Jumapili jioni.

Madai yangu: hewa chafu inabadilisha kitu NDANI ya sindano. Siyo vumbi la juu, maana nimepangusa kwa kitambaa chenye maji na njano iko palepale. Swali langu ni ndani kunaharibika nini hasa. Nataka wenye kemia, sitaki wale wa "pole mkuu".

#2 Sato Mbichi
Pole mkuu.

#3 Ngosha Mpole
Mwangaluka. Picha ya tatu ni mvinje, siyo paini. Uzi umeanza na mguu mbovu.

#4 Fundi Kenchi
Ngosha, ya tatu ni ya jirani, imejichomeka kwenye simu. Nachana mbao mwaka wa 19 huu, paini naijua hata gizani kwa harufu.

#5 Ngosha Mpole
Nimekubali, ila kwa faida ya wengine, maana nusu ya Mwanza inaita kila chenye sindano "mti wa Krismasi". Shika "sindano" ya mvinje uivute: inakatika vipande kwenye maungio, kama ule mchezo wa utotoni wa kubahatisha imekatikia wapi. Hicho siyo jani, ni kijiti, na majani yenyewe ni vimeno vidogo pale kwenye kiungo. Mvinje hauko hata kwenye ukoo wa misonobari, yaani wa paini. Sindano ya paini ni jani kamili, na zinatoka mbilimbili, tatutatu au tanotano kwenye kikonyo kimoja. Kwa hiyo atakayeleta kesi ya mvinje wa ufukweni hapa, kesi yake isisikilizwe.

#6 Mwl. Kemia
Fundi, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Naanza na gesi moja, salfa dioksaidi, ile ya kukereketa koo tairi likiungua.

Sindano ina koti la nta. Kwenye nta kuna mistari ya vitundu vya kupumulia, stomata. Gesi haipiti kwenye nta, inapita vitunduni pamoja na hewa ambayo mti unaihitaji. Ikifika ndani inayeyuka kwenye maji ya seli, inaleta tindikali na kuwa sulfaiti, ambayo ni sumu. Mti haukai kimya: unaigeuza sulfaiti kuwa salfeti, isiyo kali sana, unaiweka akiba. Ndiyo maana sindano za karibu na mitambo ya kuyeyusha madini au ya makaa ya mawe zikipimwa hukutwa na salfa nyingi kuliko za mbali. Ikiingia taratibu, mti unaimudu. Ikiingia kwa kasi kuliko mti unavyogeuza, tindikali inabaki imezagaa kwenye seli.

Hapo ndipo rangi inapotoka. Katikati ya kila chembe ya umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, kuna magnesiamu. Tindikali huitoa magnesiamu na kukaa yenyewe pale. Kinachobaki kina rangi ya kaki. Mnaijua hii kwa macho: matembele ukiyakamulia ndimu jikoni yanageuka kaki, na mlenda ukitiwa magadi unabaki kijani. Ni kemia hiyohiyo.

#7 Sato Mbichi
Kwa hiyo mipaini ya Fundi imekamuliwa ndimu. Dawa ni kuitia magadi.

#8 Binti Nansio
Mwalimu ahsante, nimeelewa kwa sababu ya mlenda. Niko Ukerewe, karibu na shamba la miti la Rubya. Paini zetu ni za kijani hasa na hewa ni ya ziwani. Nikija Mwanza naona kabisa paini za mjini zina rangi iliyopauka kama nguo zilizopigwa jua dukani. Namuunga mkono Fundi.

#9 Bwana Shamba Mstaafu
Nimewasoma. Shikamoo zenu nimezipokea ingawa hamkuzitoa.

Nimetumikia misitu miaka mingi, ikiwemo Buhindi kule Sengerema, na nawaambia: kabla hujaushitaki moshi, geuza sindano uangalie chini. Kuna vidukari wa paini, weupe kama pamba, na kuna wengine wembamba wanaojipanga juu ya sindano na kunyonya. Halafu kuna kuvu wa sindano, yule anayeacha pete nyekundunyekundu. Kuvu huyo ndiye aliyetufanya Afrika Mashariki tuachane na paini aina ya Pinus radiata tukabaki na patula, caribaea na wenzao. Hakukuwa na lori wala tanuru kule milimani alikoipiga.

Na misaipresi je? Kidukari wake alionekana Malawi mwaka 1986, akapanda kuja kwetu na Kenya, ua za watu zikakauka kuanzia ndani. Kila mtu alisema "hewa". Ilikuwa mdudu.

#10 Ngosha Mpole
Shikamoo mzee.

#11 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba, wewe una adabu.

#12 Fundi Kenchi
Shikamoo mzee wangu, uniwie radhi. Nimetoka kuangalia kwa tochi. Pamba nimeziona, lakini kwenye miti mitatu tu, na mmoja wa mitatu hiyo uko NYUMA na ni mzima. Pete nyekundu sijaziona. Nimeona vidoadoa vya njano kwenye sindano za zamani.

#13 Dereva wa Igoma
Lawama zote bodaboda. Boda yangu inatumia petroli, moshi hauonekani hata. Waulizeni wenye malori ya dizeli, yakipandisha pale ni giza la saa sita usiku. Salfa ya mwalimu imo humo.

#14 Mpimaji
Kwenye salfa ya dizeli tuwe waangalifu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo ilikuwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Moshi mweusi unaouona ni masizi, yaani kaboni iliyoungua nusunusu. Salfa haionekani, na masizi siyo kipimo chake. Kuni na pumba nazo zina salfa kidogo sana.

Ningekuwa Fundi ningemtazama jirani wa Jumapili. Tairi hutiwa salfa kiwandani ili mpira ukomae, na ukilichoma inarudi hewani. Plastiki ngumu za mabomba na nyaya zina klorini, zikiungua hutoa haidrojeni kloraidi, ambayo ikigusa unyevu ni tindikali ile ya maabara. Kloraidi ikiingia kwenye sindano husukumwa na maji mpaka mwisho wa safari, yaani nchani. Floraidi ya mitambo ya alumini hufanya hivyohivyo. Ncha kukauka kwanza ni dalili ya vitu vinavyosafiri na maji na kurundikana mwisho wa njia.

Ila sijasema ndiyo jibu. Ukame pia hukausha ncha.

#15 Sato Mbichi
Mpimaji anatoa kwa mkono wa kulia anachukua kwa kushoto.

#16 Kokoto Bei Poa
Mnasahau vumbi. Napondesha kokoto, najua vumbi la mawe ya Mwanza linavyoganda kwenye majani mpaka mvua ya kwanza. Mti ukizibwa pua unakufaje usife?

#17 Mpimaji
Kuziba kweli linaziba. Lakini vumbi la mawe yetu ya Rock City ni chembe za matale, karibu halina kemia na jani. Lenye kemia ni vumbi la saruji na chokaa. Estonia, mji wa Kunda, kulikuwa na kiwanda cha saruji kilichomwaga vumbi kwa miongo mingi, na misonobari ya pale ilipimwa sana. Tatizo lao lilikuwa kinyume cha tindikali: udongo ukawa wa magadi, kalsiamu na potasiamu zikazidi kwenye sindano, manganizi ikapungua, umbijani ukashuka. Miti iliugua kwa kulishwa magadi.

#18 Sato Mbichi
Nafuta dawa yangu ya #7.

#19 Bwana Shamba Mstaafu
Fundi, nikuulize jambo. Umesema mbele na nyuma vinafanana. Udongo je? Barabara ilipotengenezwa, hapo mbele hawakumwaga kifusi?

#20 Fundi Kenchi
Mzee umenishika. Walimwaga. Na nilipojenga ukuta wa mbele nilichanganyia zege hapohapo, mabaki tukayafukia karibu na mashina.

#21 Bwana Shamba Mstaafu
Haya. Paini ni mti wa udongo wenye tindikali. Umpe chokaa, anashindwa kuvuta chuma, anakuwa njano. Moshi hauna kosa.

#22 Mwl. Kemia
Mzee, hapo tuna njia ya kutenganisha. Chuma kikishakaa kwenye jani hakihami. Kikikosekana, sindano CHANGA ndizo zinazoanza njano. Magnesiamu inahama: mti ukiishiwa huinyang'anya sindano za zamani na kuzipa changa, kwa hiyo njano inaanza kwa WAZEE. Fundi, ni zipi?

#23 Fundi Kenchi
Miti mitano ni za zamani. Mti mmoja, wa pembeni karibu na zege, ni za juu kabisa, changa. Mmoja umechanganya kila kitu kama wali wa sherehe.

#24 Ngosha Mpole
Miti saba, magonjwa matatu. Hii siyo bustani, ni wodi.

#25 Nyakisumu
Mambo wadau, jirani wenu wa Kisumu hapa, ng'ambo ya ziwa. Nimesoma misitu kidogo. Hili swala la magnesiamu lilikuwa vita kule Ujerumani miaka ya 1980. Miti yao ya spruce, ndugu wa paini, kule milima ya Fichtelgebirge, Bavaria, ilikuwa njano kwa juu, na sindano zilikuwa na upungufu wa magnesiamu. Profesa Bernhard Ulrich wa Göttingen alisema ni mvua ya tindikali: inaosha magnesiamu na kalsiamu udongoni na kufungua alumini inayochoma mizizi. Wengine wakasema ni gesi ya ozoni. Wengine naitrojeni imezidi. Wengine ukame na kuvu. Magazeti yakaandika misitu itakwisha. Haikwisha vile walivyotabiri, salfa ikapunguzwa viwandani, sehemu zingine wakamwaga chokaa yenye magnesiamu na miti ikapata rangi. Mpaka leo ukiwaketisha mezani hawakubaliani nani alikuwa sahihi kwa asilimia ngapi.

#26 Sato Mbichi
Kumbe Fundi ana wodi ya kimataifa.

#27 Mama Zizi
Nyakisumu umesema naitrojeni imezidi. Inazidije? Sisi tunanunua mbolea kwa taabu.

#28 Nyakisumu
Ammonia mama. Uholanzi wana mifugo mingi sana eneo dogo, harufu ya mkojo na samadi inapaa, inatua kwenye misonobari. Mti unakula naitrojeni usiyoiomba, unakuwa na njaa ya magnesiamu na potasiamu kwa sababu uwiano umevurugika. Naitrojeni ya ziada unaifungia kwenye asidi amino inaitwa arijinini. Wakipima sindano na kukuta arijinini imejaa, wanajua mti umeshiba mpaka unaumwa.

#29 Mama Zizi
Basi mimi nina kesi. Niko Kisesa, zizi la ng'ombe 40, upande wa chini wa upepo kuna paini nne alizopanda marehemu mzee wetu. Sindano ndefu, kijani cha kuiva, yaani nzuri. Lakini kila kiangazi zinaungua mapema kuliko za jirani, na wadudu wanazipenda. Nilidhani ni husuda.

#30 Ngosha Mpole
Mama, husuda haijaondolewa kwenye orodha bado.

#31 Dereva wa Igoma
Sasa niseme ukweli ambao Fundi hataupenda. Kijiwe chetu cha boda kiko karibu na ukuta wa aina hiyo. Hakuna choo. Wanaume 12, kutwa nzima.

#32 Fundi Kenchi
...

#33 Fundi Kenchi
Nimekwenda kunusa. Shina la tatu na la nne. Naomba mniache nipumue.

#34 Mwl. Kemia
Chumvi na urea kwa pamoja. Hapo ncha zinakauka bila msaada wa hewa.

#35 Binti Nansio
Jamani nimecheka mpaka mtoto ameamka. Lakini wanaume 12 wanakojolea miti miwili. Mingine mitano je?

#36 Mhaya wa Missenyi
Salamu kutoka Kagera. Kidogo nje ya mada: huku Minziro tuna mti wetu wa asili, ndugu wa mbali wa misonobari, mpodo, unaota mpaka kwenye majimaji. Majani yake ni bapa, siyo sindano hasa. Je, nayo yana nta na mambo hayo? Kila mkileta mifano mnataja miti ya Wazungu.

#37 Mpimaji
Nta yanayo, kama majani ya karibu kila mti wa nchi kavu. Tofauti ya misonobari ni kwamba vitundu vyake vimezama kwenye kishimo, na kishimo kimejazwa vijiti vya nta laini kama sufi, vidogo hata kwa hadubini ya kawaida huvioni. Hewa inachujwa humo. Nta hiyo ikiwa mpya ina umbo la vimrija. Sindano ikizeeka vimrija vinayeyukiana na kuwa ukoko. Kwenye hewa chafu kuzeeka huko kunakuja mapema. Ukoko ukiziba kishimo, mti hauwezi kupumua vizuri wala kuzuia maji vizuri.

Nta ina kazi nyingine ambayo watafiti wanaipenda: ni mafuta. Moshi wa dizeli, wa kuni, wa plastiki una hidrokaboni zinazopenda mafuta. Zinanasa kwenye nta na kubaki. Ndiyo maana sindano zinatumika kama kitabu cha hewa. Huhitaji mashine ya kunyonya hewa mwaka mzima, mti umekusanyia bure.

#38 Kokoto Bei Poa
Kitabu cha miaka mingapi?

#39 Mpimaji
Inategemea mti. Paini nyingi hushika sindano miaka miwili mpaka minne hivi. Spruce huenda mitano na zaidi. Kuna msonobari wa milima mikavu ya California unaitwa bristlecone, sindano moja inaweza kukaa miaka 30 na zaidi. Huko Ulaya wanachuma za mwaka huu, za mwaka jana na za juzi kwenye tawi moja, wanazipima kando kando, wanaona uchafu unavyopanda.

#40 Bwana Shamba Mstaafu
Hapo nakusahihisha, kijana wangu. Hiyo ni kwao, kwenye baridi, ambako mti unalala halafu unachipua mara moja kwa mwaka, alama inaonekana. Huku kwetu caribaea anachipua mvua ikinyesha, tena mara kadhaa kwa mwaka. Wengine hawaachi kabisa, wanakua mti mmoja mrefu bila matawi, tunaita mkia wa mbweha. Utajuaje sindano hii ni ya masika au ya vuli? Kitabu chako cha hewa kurasa zake hazina namba.

#41 Mpimaji
Mzee nimeinua mikono. Nilikuwa naongea kama niko Finland.

#42 Ngosha Mpole
Na madini ya risasi ya petroli ya zamani? Miti ya barabarani lazima imejaa.

#43 Mpimaji
Petroli yenye risasi iliondolewa nchi zote za kusini mwa Sahara ilipofika Januari 2006, Algeria wakamalizia dunia mwaka 2021. Mipaini ya Fundi ni ya 2011. Na hata mti wa zamani, sindano zake za leo hazikuwepo enzi hizo. Risasi unaweza kuikuta udongoni, siyo kwenye sindano za juzi.

#44 Nyakisumu
Hakuna mtu amezungumzia ozoni kwa Mwanza na ndiyo naishuku. Fundi alisema #12 kuna vidoadoa vya njano sindano za zamani. Ndivyo ilivyokuwa milima ya San Bernardino nyuma ya Los Angeles. Tangu miaka ya 1950 paini za ponderosa zilikuwa na madoa ya njano, zikabaki na sindano za mwaka mmoja tu, wakaita ugonjwa wa X kwa kuwa hawakumjua mchawi. Miaka ya 1960 ndipo wakathibitisha ni ozoni kutoka mjini. Moshi wa magari ukipikwa na jua unatoa ozoni, upepo unaipandisha mlimani.

Ubaya wake haiachi ushahidi. Salfa unaikuta kwenye sindano, kloraidi unaikuta. Ozoni inaingia, inachoma utando wa seli, inakwisha. Unachokuta ni mti umehangaika kuongeza kinga, vitamini C na wenzake, na umbijani umepungua.

#45 Binti Nansio
Lakini mchana upepo unatoka ziwani kwenda mjini, na usiku unatoka nchi kavu kuja ziwani. Sisi tunaovuka tunaujua. Si ina maana moshi wa Mwanza wa usiku unatutembelea huku?

#46 Nyakisumu
Ndio dada, na asubuhi unarudi nyumbani. Ozoni inasafiri, kwa hiyo hata Rubya yenu huenda inaonja. Na kiangazi kila mtu anachoma mashamba, pande zote za ziwa.

#47 Bwana Shamba Mstaafu
Ozoni inayoruka mita 30 kutoka mipaini ya mbele mpaka ya nyuma bila kuigusa? Hapana. Gesi inayosafiri kutoka Kisumu haichagui ukuta wa Fundi.

#48 Nyakisumu
Mzee hiyo ni hoja. Naitafakari.

#49 Fundi Kenchi
Swali la kifundi. Harufu ya paini. Ninapopasua mbao za shamba la miti la Sao Hill harufu inapanda kichwani. Sindano za mbele nikizivunja zinanuka zaidi kuliko za nyuma. Inamaanisha nini?

#50 Mwl. Kemia
Harufu hiyo ni terpeni, ndugu wa tapentaini: pineni, limoneni na wenzake. Mti uliosumbuliwa mara nyingi hubadilisha mchanganyiko wake, na pia huongeza tanini na ndugu zake, vile vinavyotia ukakasi mdomoni. Lakini siyo kanuni ya kuegemea. Wadudu wanaongeza, ukame unaongeza. Na terpeni zenyewe zikikutana na ozoni hewani zinatengeneza ukungu wa bluu. Kwa hiyo mti naye anachangia kwenye hewa.

#51 Sato Mbichi
Mtuhumiwa namba tisa: mpaini mwenyewe.

#52 Mwl. Kemia
Jana nimefanya jaribio na kidato cha tatu kwa sindano alizonipa Fundi. Tumeziponda kwenye spiriti, za mbele na za nyuma. Za nyuma kijani, za mbele kaki. Wanafunzi wamepiga makofi. Nadhani #6 imesimama.

#53 Mpimaji
Mwalimu, kwenye kinu uliweka magadi au unga wa chokaa kidogo?

#54 Mwl. Kemia
Hapana.

#55 Mpimaji
Basi hatuwezi kulitegemea, samahani sana. Utomvu wa sindano ya paini wenyewe ni wa tindikali. Ukiuponda, tindikali ya mti inakutana na umbijani wake kwenye kinu na kuutoa magnesiamu hapohapo. Kaki uliyoiona labda umeitengeneza wewe. Ndiyo maana maabara hutia kidogo kitu cha kuzima tindikali kabla ya kuponda. Tena za mbele zilikuwa kavu zaidi, tanini zimekolea, zinatia kahawia.

#56 Mwl. Kemia
Nimesomeka. Jumatatu nawarudia wale watoto kuwaeleza. Makofi yao siyarudishi.

#57 Mama Zizi
Nimependa mwalimu anayekubali kukosea hadharani.

#58 Mpimaji
Fundi, kama unataka jambo linaloshikika: chuma sindano za mbele, za nyuma, na za Rubya kwa Binti Nansio. Kila sehemu miti mitano, tawi la theluthi ya juu, upande unaotazama barabara, siku moja, kabla mvua haijanyesha. Gawa kila fungu mara mbili. Nusu ioshwe nta kwa klorofomu, nusu isioshwe. Tofauti ya nusu hizo ni kilichokaa juu. Kinachobaki kwenye iliyooshwa ndicho kimeingia ndani, na hilo ndilo swali lako la #1. Halafu kausha, saga, peleka maabara wapime salfa, kloraidi, magnesiamu, kalsiamu, naitrojeni. Na udongo wa chini ya kila mti usiuache. Klorofomu usiicheze nyumbani, waachie wao.

#59 Fundi Kenchi
Bei?

#60 Mpimaji
Uza meza mbili.

#61 Bwana Shamba Mstaafu
Kabla ya kuuza meza, hesabu sindano 100 za kila upande, zikaushe, zipime uzito. Mti wenye dhiki hutoa sindano fupi na nyepesi. Haitakuambia mchawi ni nani, itakuambia kama kuna mgonjwa.

#62 Fundi Kenchi
Nina rafiki ananunua dhahabu, mizani yake inapima mpaka punje. Kesho.

#63 Fundi Kenchi
Mrejesho. Binti Nansio alituma kiroba na meli ya jana, Mungu ambariki. Watoto wamehesabu mia mia, tumekausha juu ya bati siku mbili, rafiki wa dhahabu amepima huku akinicheka. Za mbele ndizo nyepesi. Za nyuma zimezizidi. Za Rubya zimezipita zote mbili, hata za nyuma ambazo nilikuwa najisifu ni nzima.

#64 Binti Nansio
Nilisema.

#65 Bwana Shamba Mstaafu
Usishangilie binti. Rubya mvua ni nyingi na udongo wa msitu ni mwingine. Huenda hata aina ya paini ni nyingine. Hujalinganisha hewa na hewa.

#66 Nyakisumu
Au hata ya nyuma inaonja ozoni, ndiyo maana iko katikati. Mzee, ile hoja ya #47 nimeitafakari na nimerudi.

#67 Dereva wa Igoma
Kijiweni tumechanga, tumepata choo cha kulipia kwa mwezi. Fundi usikate ile miwili, subiri masika tuone.

#68 Fundi Kenchi
Ubarikiwe kijana. Nimeongea na jirani wa jalala pia, amesema plastiki na matairi hatachoma tena, majani makavu ataendelea. Kifusi nitakichimbua nikipata kibarua. Ila mnaona tatizo: nikiondoa vyote vitatu na miti ikipona, sitajua kilichokuwa kinaua ni kipi.

#69 Mwl. Kemia
Ondoa kimoja kwa kila msimu.

#70 Fundi Kenchi
Mwalimu, mbao zangu zina miaka yake.

#71 Mpimaji
Mafungu ya maabara umeyatunza? Nimepata mtu atakayepima salfa na kloraidi kwa bei ya kindugu, ila anataka angalau gramu 20 za kila upande.

#72 Fundi Kenchi
Za nyuma zipo. Za Rubya zipo. Za mbele, zilizokuwa kwenye mfuko wa kaki juu ya kabati, mama watoto amewashia jiko leo asubuhi. Anasema zimeshika moto vizuri kuliko mafuta ya taa.

#73 Sato Mbichi
Pole mkuu.

#74 Mgeni Buswelu
Habari wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Hivi mvinje unafaa kwa kenchi?